Jinsi ya kuisoma taharuki: muvi moja, riwaya moja, daftari moja

Ukimuuliza mtu yeyote aliyemaliza kidato cha nne hapa kwetu taharuki ni nini atakujibu haraka, ni ile hali ya msomaji kubaki na hamu ya kujua kitakachotokea. Jibu ni sahihi na maksi anapata. Lakini mwambie haya, nionyeshe kwenye ukurasa huu hiyo hamu imetengenezwa wapi, kwa sentensi gani, kwa neno gani, ananyamaza, manake hakuna aliyemfikisha hapo. Mimi pia nilikuwa hivyo. Shuleni tulikaririshwa mbinu, taharuki, sadfa, kinaya, mbinu rejeshi, tukawa tunazitaja kama majina kwenye rejista, nikamaliza shule nazipenda hadithi za kusisimua kuliko kitu chochote na sijui zinafanyaje kazi.

Siku hizi Jumamosi jioni nakaa na vijana huku Kisauni, Mombasa, tunasoma riwaya za upelelezi na kutazama muvi za kusisimua, tukimaliza tunazifungua vile fundi anavyofungua redio, tunatandaza vipande mezani. Nimeulizwa mara nyingi mtu aanzie wapi kwa hivyo naandika vile sisi tunavyofanya, chukua kitakachokufaa.

Kwanza nipe dakika moja jikoni. Ni saa moja usiku, stima zimepotea, mama anapapasa meza kutafuta kibiriti huku anaongea na jirani dirishani, wanabishana dera za harusi ziwe rangi gani. Anakipata, anawasha, jiko linalipuka. Umeshtuka eh? Umeshtuka, lakini mara moja tu, na kabla ya hapo ulikuwa unasikiliza mambo ya dera. Sasa irudie. Kabla mama hajaingia tunamwona mtoto anausukuma mtungi wa gesi akitafuta mpira wake ulioingia nyuma, paipu inachomoka kidogo, kuna sauti ndogo ya ssss, mtoto anapata mpira anatoka zake mbio. Mama anaingia. Maneno ni yale yale, dera ziwe za zambarau, la, zambarau tulivaa harusi ya juzi, lakini sasa kila neno linakuuma roho, unataka kumpigia kelele mama wee achana na hizo dera toka nje! Na kila mkono wake ukipita karibu na kibiriti unaomba asikishike. Na ukiangalia vizuri, mlipuko wenyewe wala si lazima utokee, wewe ushabanwa tayari.

Msingi wa hili si wangu. Alfred Hitchcock, mwongozaji wa muvi za kusisimua, alimweleza mwongozaji mwenzake François Truffaut kwenye mahojiano marefu ya mwaka 1962 yaliyokuja kuwa kitabu mwaka 1966, yeye mfano wake ulikuwa bomu chini ya meza, kwamba usipomwambia mtazamaji bomu lipo unampa sekunde 15 za mshtuko, ukimwambia unampa dakika 15 za taharuki. Mimi nimeweka mtungi wa gesi kwa sababu jikoni kwetu tunakujua. Watu wengi wanaoanza kusoma hizi kazi wanadhani mwandishi hodari ni yule anayeficha sana, kumbe aliyefichwa kila kitu hana cha kuogopa. Taharuki inaanza pale unapoambiwa kitu mapema kisha ukangojeshwa.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ni kufuata nani anajua nini. Chagua muvi moja. Nasisitiza moja, kuna watu wanajaza flashi muvi thelathini halafu wanasema wanasoma hii fani, hapana, hao wanajiburudisha na si vibaya ila si kusoma. Itazame mara ya kwanza kama mtu wa kawaida, usishike kalamu, ogopa vizuri. Usitafute maelezo ya mwisho wake mtandaoni kabla, manake ile hofu ya mara ya kwanza ndiyo data yako na hutaipata tena. Siku ya pili chukua daftari, piga kolamu tatu: anachojua mtazamaji, anachojua stelingi (yaani mhusika mkuu), anachojua adui. Kila dakika tano simamisha, ujaze.

Sisi tulianza na Rear Window ya Hitchcock ya mwaka 1954 na bado ndiyo naipendekeza, kwa sababu kamera karibu muda wote imefungiwa ndani ya nyumba ya jamaa mmoja aliyevunjika mguu, kazi yake kuchungulia majirani dirishani, kwa hivyo kolamu zinajazika rahisi. Kuna sehemu jamaa amelala kitini, na sisi tunamwona jirani anayeshukiwa kumuua mkewe akitoka usiku na mwanamke aliyevaa nguo nyeusi. Jaza: mtazamaji anajua, stelingi hajui. Baadaye mchumba wake anaingia nyumba ya yule jirani kutafuta ushahidi, na jirani anarudi, tunamwona kwenye korido, jamaa anamwona pia kutoka ng'ambo ya ua lakini mguu una plasta na akipiga kelele amemponza. Hapo kolamu zinabadilika, mimi najua, stelingi anajua, aliye hatarini ndiye hajui. Kijana mmoja wetu alipojaza sehemu hiyo akasema kumbe sisi watazamaji ndio tumevunjika mguu. Sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Ukishazoea kolamu utaanza kuona kwamba kuna vitu viwili watu wanavichanganya, fumbo na taharuki. Tzvetan Todorov, mtu wa nadharia ya fasihi, aliandika mwaka 1966 kwamba riwaya ya upelelezi ya kawaida ina hadithi mbili ndani yake, moja ni ya uhalifu wenyewe, hiyo imeshapita, na nyingine ni ya uchunguzi, kwa hivyo wewe msomaji unaona matokeo unarudi nyuma kutafuta chanzo. Riwaya ya kusisimua inakwenda upande wa pili, unaona chanzo, watu wanapanga jambo baya, halafu unangoja matokeo yaje mbele. Kwenye Kiswahili mifano tunayo mizuri kabisa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na Bwana Msa wake na kiko chake ni mtu wa fumbo, anakaa, anauliza, anafikiri, na wewe unashindana naye akili. Halafu mchukue Willy Gamba wa Elvis Musiba, Kufa na Kupona ya mwaka 1974, huyo ni jasusi, hana muda wa kiko, anawindwa huku naye anawinda. Soma sura tatu za huyu na tatu za yule wiki moja, na mwisho wa kila sura andika swali moja ulilobaki nalo. Kwa Bwana Msa maswali yako mengi yatakuwa "nani alifanya" na "ilikuwaje". Kwa Gamba yatakuwa "atatokaje hapo". Hapo umeshaelewa tofauti bila mtu kukutajia nadharia.

Na hapo hapo kwa Musiba jiulize swali jingine ambalo walimu wengi wanaliruka, msomaji wa wakati ule alikuwa anaogopa nini? Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule umoja wa nchi za Afrika wa wakati huo, makao yake yalikuwa Dar es Salaam tangu 1963, wapigania uhuru wa kusini walikuwa wanaishi mle mle mjini, kwa hivyo hofu ya majasusi wa makaburu haikuwa ya kitabuni tu, ilikuwa hofu ya mtaani. Hadithi ya kusisimua inakopa woga ambao tayari msomaji anao mfukoni. Ukisoma kazi yoyote ya aina hii andika juu ya ukurasa mwaka wake na huo woga uliokopwa.

Sasa kuna jambo limenisumbua miaka mingi nalo ni hili: stelingi hafi. Kila mtu aliyekulia kwenye vibanda vya video anajua stelingi hafi, unalipa, unakaa kwenye benchi, na unajua kabisa atatoka mzima, mbona basi moyo unaenda mbio? Jibu nililipata kwenye muvi ya mambo ya hapa hapa kwetu. Aprili 2009 maharamia waliiteka Maersk Alabama, na hiyo meli ilikuwa inakuja Mombasa, na ikafika, ilitia nanga hapa siku chache baadaye. Muvi yake, Captain Phillips, ikatoka 2013. Sisi watu wa Mombasa tulikuwa tunajua mwisho kabla hata muvi haijaandikwa. Na bado ile ngazi ndefu ikiwa inatafuta pa kushika ubavuni mwa meli nilikuwa nimekunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Niliitazama tena na daftari ndio nikaona: swali kubwa, nahodha atapona au hatapona, limewekwa kando, na badala yake unapewa maswali madogo madogo ya dakika moja moja. Ngazi itashika? Watafika juu kabla mabaharia hawajajificha? Huyo aliyejificha atakohoa? Mwisho unaujua lakini dakika inayofuata huijui, na woga unaishi kwenye dakika.

Kwa hivyo ukijaza kolamu zako, pembeni andika na swali dogo la wakati huo, na saa lilipoulizwa na saa lilipojibiwa. Tumia saa ya simu. Utashangaa, kwenye kazi nzuri swali dogo halijibiwi mpaka jingine limeshafunguliwa, kama mtu anayepanda mnazi, mkono mmoja hauachi mpaka mwingine umeshika. Kazi mbovu utaijua papo hapo, maswali yote yanajibiwa kwa pamoja halafu kuna dakika kumi za watu kuendesha magari. Au inaingia sadfa, polisi wanatokea tu wenyewe wakati stelingi ameshikwa shingo. Sadfa ya kumtia mtu matatizoni msomaji anaisamehe, ya kumtoa haisamehi, na hili ndilo naliona linaharibu hadithi zetu nyingi za simuni siku hizi, yaani mtu amejenga vizuri kurasa arobaini halafu anabomoa kwa sentensi moja.

Ile kanuni ya stelingi ukitaka kuona ikivunjwa tazama Psycho ya 1960, mwanamke tunayemfuata tangu mwanzo anauawa kabla muvi haijafika nusu. Hitchcock alitaka kumbi zisimruhusu mtu kuingia baada ya muvi kuanza. Baada ya hapo hujui tena umshike nani, na hilo peke yake lina uzito wa somo zima la nani anasimulia.

Sauti sitakaa nayo sana. Chukua onyesho moja la dakika tano, litazame bila sauti, kisha geuza simu usikilize sauti bila picha. Jaws ya 1975 ndiyo naitumia, papa wa mashine alikuwa anaharibika kila saa kwenye maji ya chumvi kwa hivyo Steven Spielberg akalazimika kumficha, na noti mbili za John Williams zikasimama mahali pa papa. Lakini sikiliza pale watoto wawili wanapotisha watu kwa pezi la uongo: mziki haupo. Muvi imekufundisha kwamba mziki ni papa, na haikudanganyi. Ukishaaminiwa hivyo ndio unaweza kumtisha mtu na bahari tupu.

Kitabu hakina mziki, kina lugha tu, na hapa ndipo naomba utulie, kwa sababu Kiswahili kina vifaa vya taharuki ambavyo hatufundishwi kuviona.

Angalia mlango. Mlango ulifunguliwa. Mlango ulifunguka. Mlango ulikuwa wazi. Wa kwanza kuna mtu ameufungua na hatujatajiwa, wa pili umefunguka wenyewe na nywele zinasimama, wa tatu umechelewa, aliyeingia yuko ndani tayari. Herufi chache tu zimebadilika na ni hadithi tatu tofauti. Ukisoma riwaya pigia mstari kila kitenzi cha namna hii halafu jiulize mwandishi angetumia kile kingine ingekuwaje.

Angalia na huyu: Alisimama nyuma ya pazia, akavua viatu, akangoja. Ni mwanamume au mwanamke? Hujui, na wala hukugundua kwamba hujui. Mwandishi wa Kiingereza hapo anapata shida, lugha yake inataka aseme ni wa kike au wa kiume, inabidi azungukezunguke. Sisi ile a- inambeba muuaji kurasa ishirini bila msomaji kuhisi amefichwa kitu, na siku sura yake ikifunuliwa hawezi kumlaumu mwandishi kwa kudanganya. Wallahi ukiangalia utajiri huo unashangaa kwa nini hatuna riwaya za namna hii mia kila mwaka.

Halafu kuna -ja-. Sema Baba hakurudi. Imekwisha, watu walie. Sasa sema Baba hajarudi. Kuna mtu ameangalia mlango, kuna sahani imefunikwa mezani, kuna simu haishikwi. Hajarudi maana yake anangojwa. Hicho kisilabi kimoja kina kila kitu nilichokuwa natafuta kwenye vitabu vya nadharia, kitu kimeahidiwa na hakijaja. Zunguka na penseli uhesabu haja- na kabla haja- kwenye sura inayokukaba, utaona zinakaa wapi.

Na -ka- ni mbio. Akashuka, akavuka, akageuka, akaona kivuli, akakimbia. Nzuri, lakini mbio bila kituo ni kelele. Tafuta mahali mwandishi anapoikata, anasimamisha -ka- na kukueleza kwa utulivu rangi ya kofia ya mtu aliyesimama kwenye kona, hapo ndipo anapokubana. Njia bora niliyoipata ya kuona haya ni kunakili ukurasa mmoja kwa mkono. Kwa mkono, si kwa simu. Mkono unachoka na ukichoka unauliza kwa nini sentensi hii ni ndefu hivi, na jibu liko pale pale.

Jambo moja la burudani lakini lina elimu kubwa: chukua muvi moja yenye maelezo ya DJ Afro au mwingine anayesimulia kwa Kiswahili juu ya picha, itazame, kisha uitazame ile ile bila msimulizi. Jaza kolamu mara mbili. Msimulizi akikuonya kuhusu mtu kabla hajafanya lolote amekuhamisha, amekutoa kwenye mshtuko amekuweka kwenye taharuki, au wakati mwingine amekuharibia kabisa. Ni kazi ile ile ya mwenye kuhadithia tangu enzi za paukwa pakawa, na ya yule Shahrazad wa Alfu Lela Ulela aliyekuwa anakatiza hadithi kunapopambazuka, yeye mwenyewe akiwa ndiye aliye hatarini.

Mwisho andika. Hata kama hutaki kuwa mwandishi, mtu hajui kitanzi mpaka afunge fundo. Zoezi letu ni feri ya Likoni, mistari kumi na tano basi. Feri ni zawadi kwa mtu anayesoma taharuki: watu wamebanana, maji pande zote, hakuna pa kushukia, na muda wa kuvuka kila msomaji anaujua kwa mwili wake. Sharti ni moja, msomaji ajue kitu kimoja ambacho aliye hatarini hajui, na ajue kwenye mistari mitatu ya kwanza.

Binti mmoja wetu aliandika ndugu wawili, mkubwa na mdogo, wanaingia feri kuja upande wa kisiwani. Mdogo anasema anahisi baridi, mkubwa anajitanda leso ya mdogo wake na kumpa mtandio wake mzito. Nyuma yao kuna mtu anapokea simu, anasikiliza, anasema tu "leso ya manjano, sawa." Baada ya hapo hakuna kilichotokea, nakwambia hakuna, wanaongea kuhusu mahamri ya kununua wakishuka, mtoto analia, kuna mwenye mkokoteni wa maji anaomba njia, na mwenye leso ya manjano anasogea mbele kidogo kidogo kutafuta upepo, mpaka anasimama peke yake karibu na mlango wa feri. Mstari wake wa mwisho ulikuwa: Mlango haujashuka.

Alitusomea barazani kwa sauti na kahawa ikapoa vikombeni, mzee mmoja aliyekuwa anapita akasimama na baiskeli yake akauliza enhe? Yeye akafunga daftari. Ukiandika yako isome hivyo hivyo, kwa sauti, mbele ya watu ambao hawana sababu ya kukuhurumia, na umpe rafiki mmoja penseli aweke alama kwenye nakala kila anapomwona mtu anashika simu yake. Hizo alama ndizo utakazoanza nazo Jumamosi inayofuata.